Mwalimu Asiye na Somo: Usawiri wa Mwalimu katika Vitabu Teule na Darasa la Sekondari Msingi

Utangulizi

Mwalimu ni mhusika aliyezoeleka mno katika fasihi ya Kiswahili inayosomwa shuleni mwetu. Ni vigumu mtahiniwa kumaliza Kidato cha Nne bila kukutana naye. Mwalimu Majisifu yumo katika riwaya ya Ken Walibora, Kidagaa Kimemwozea (2012). Mwalimu Dhahabu yumo katika Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei. Mkusanyiko wa Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda, una walimu kadhaa: Daktari Mabonga katika ‘Mapenzi ya Kifaurongo’, mwalimu mkuu katika ‘Mtihani wa Maisha’, na Mwalimu Mosi katika ‘Mwalimu Mstaafu’. Hata katika Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, Yona, mumewe Sara, ni mwalimu wa zamani aliyezongwa na ulevi.

Makala haya yanauliza swali jepesi kuhusu wahusika hawa: je, wanafundisha nini? Tunadai kuwa kazi hizi zinamfahamu mwalimu kama mtu mwenye tabia njema au mbovu, lakini aghalabu hazimfahamu kama mfundishaji wa somo. Pengo hili lina athari mbili. Kwanza, linawafanya watahiniwa wetu kujibu maswali ya wahusika kwa orodha ya sifa zisizo na uzito. Pili, linatunyima kioo cha kujitazamia wakati huu ambapo suala la nani afundishe somo gani limekuwa suala zito katika madarasa ya sekondari msingi. Ili hoja isielee hewani, tutalitazama suala hili kwa jicho la msomaji aliyeko mjini Athi River, Kaunti ya Machakos.

Darasa la Athi River

Athi River ni mji wa viwanda. Kiwanda cha nyama cha Kenya Meat Commission, shirika lililoundwa mwaka wa 1950, kiko hapa. Viwanda vya saruji viko hapa. Baada ya Sheria ya mwaka wa 1990 kuhusu maeneo ya uzalishaji wa bidhaa za kuuzwa nje, ukaja pia ukanda wa EPZ, ambao viwanda vyake vya nguo huajiri maelfu ya vijana, wengi wao wanawake. Barabara ya Mombasa inaupitisha mji huu malori usiku na mchana. Wazazi wametoka kila pembe ya nchi, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wakati wa zamu, sokoni na katika vyumba vya kupanga. Mtoto wa hapa huja shuleni na Kiswahili chake mdomoni, ingawa mara nyingi ni kile kilichochanganyika na Sheng.

Mtoto huyu akiwa Gredi ya 7 sasa anasoma masomo tisa. Madarasa ya sekondari msingi yalipoanza Januari 2023, masomo yalikuwa mengi zaidi. Kuanzia mwaka wa 2024 yalipunguzwa na kuunganishwa yakawa tisa: Kiingereza, Kiswahili (au Lugha ya Ishara ya Kenya), Hisabati, Elimu ya Dini, Mafunzo ya Jamii, Sayansi Jumuishi, Mafunzo ya Awali ya Kiufundi, Kilimo, na Sanaa Bunifu na Michezo. Kiswahili kimetengewa vipindi vinne kwa wiki. Ndani ya vipindi hivyo mna kusikiliza na kuzungumza, kusoma, kuandika na sarufi. Fasihi nayo huingia hasa katika kusoma kwa kina.

Mwalimu wa shule ya sekondari nchini Kenya kwa kawaida husomea masomo mawili. Masomo ni tisa na walimu ni wachache, kwa hivyo si ajabu aliyesomea Kiswahili na Historia kujikuta akishika chaki ya Kilimo, kisha ya Elimu ya Dini, kisha ya Sanaa Bunifu. Isitoshe, walimu wengi walioyapokea madarasa haya mwaka wa 2023 waliajiriwa kama wanagenzi kwa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Walifanya mgomo Mei 2024, na Januari 2025 walimu 46,000 wakathibitishwa kwa masharti ya kudumu. Huyu ndiye mwalimu anayefungua kitabu cha hadithi mbele ya watoto wa Athi River. Je, fasihi imewahi kumwona?

Majisifu na shule ya Nasaka

Tuanze na Majisifu kwa kuwa shule yake inaitwa Nasaka Intermediate. Jina hili halikuwekwa bure. Kufuatia ripoti ya Kamati ya Beecher ya mwaka wa 1949, elimu ya Waafrika nchini Kenya ilipangwa kwa ngazi tatu za miaka minne minne: msingi, kati, kisha sekondari. Ngazi ya kati ndiyo iliyoitwa ‘intermediate’. Ilikuwa chujio. Mtoto aliingia humo baada ya mtihani na kutoka baada ya mtihani mwingine, na wengi waliishia hapo. Baada ya uhuru, na hasa kufuatia Tume ya Ominde ya mwaka wa 1964, ngazi hiyo iliondolewa na msingi ukawa wa miaka saba. Walibora anapoiweka shule ya aina hiyo katika nchi ya Tomoko, iliyotoka juzi chini ya wakoloni, anatuashiria jamii ambayo bendera imebadilika lakini chujio halijabadilika.

Mwalimu wa shule hii ni mlevi na mzembe. Anawaonea haya watoto wake mwenyewe kwa sababu ya ulemavu wao. Ameiba mswada wa Amani na kuuchapisha kwa jina lake. Mtahiniwa yeyote aliyeisoma riwaya hii anaweza kuyataja haya akiwa amefumba macho. Lakini mwulize mtahiniwa huyo mwanafunzi wa Nasaka alipoteza nini kwa ulevi wa mwalimu wake, atanyamaza. Atanyamaza kwa kuwa riwaya yenyewe haikai darasani. Tunamjua Majisifu nyumbani kwake na kwenye pombe. Tunaijua aibu yake ya uandishi. Wanafunzi wake hawana majina wala sauti. Kosa lake kubwa katika riwaya ni wizi wa mswada, na anayedhulumiwa ni Amani, mtunzi mwenzake. Dhuluma kwa watoto waliokaa kumngoja inabaki kuwa kivuli.

Hapa ndipo tunapoona udhaifu wa usawiri. Mlevi anaweza kuwa fundi, askari au mkulima. Kinachoufanya ulevi wa Majisifu kuwa ulevi wa mwalimu ni kipindi kilichopita bila kufundishwa. Riwaya inatuachia sisi wasomaji kazi ya kukikisia kipindi hicho.

Dhahabu na Fumba: mlezi na mharibifu

Chozi la Heri inatupa walimu wa namna mbili. Fumba ni mwalimu aliyempachika mimba Rehema, mwanafunzi wake, na tunda la uhusiano huo ni Chandachema, mtoto anayelelewa na nyanyake kisha kutangatanga hadi kwenye makazi ya wafanyakazi wa majani ya chai. Mwalimu Dhahabu wa Shule ya Tangamano ni kinyume cha Fumba. Ni mlezi. Katika shule yake, Umu na wenzake wanapata mahali pa kusimuliana visa vya maisha yao.

Msomaji wa Athi River anamwelewa Chandachema upesi. Makazi ya wafanyakazi, chumba kimoja, mzazi wa zamu ya usiku na jirani asiyeaminika ni mambo anayoyaona kila siku. Matei amefaulu kuonyesha kwamba shule inaweza kuwa kimbilio la mtoto wa aina hii. Hata hivyo, tuangalie kimbilio hilo linatokana na nini. Linatokana na huruma ya mwalimu na usuhuba wa wanafunzi. Masomo yenyewe, yaani kile mtoto anachofundishwa kati ya kengele moja na nyingine, hayaonekani kuwa sehemu ya uponyaji. Mwalimu mwema ni yule anayefariji. Mwalimu mbaya ni yule anayeharibu. Kati ya wawili hawa hatumpati mwalimu anayefundisha.

Mabonga: kipindi kimoja

Katika ‘Mapenzi ya Kifaurongo’ ya Kenna Wasike tunaingia darasani hatimaye. Ni darasa la Chuo Kikuu cha Kivukoni. Dennis Machora, mwana wa maskini, anamsikiliza Daktari Mabonga. Hiki ni kipindi chenye somo, lakini tunachokiona ni jeuri. Mhadhiri anawatweza wanafunzi wake, nao wanamwogopa. Elimu yake imekuwa fimbo.

Watahiniwa huliona tukio hili kama mfano wa dharau na kusonga mbele kwenye mapenzi ya Dennis na Penina. Tunapendekeza lisomwe kwa uzito zaidi. Dennis anadharauliwa darasani kabla ya kudharauliwa na Penina. Katika sehemu zote mbili, kinachopimwa ni kile alichokosa. Mabonga anamwonyesha kwamba hana maarifa. Penina anamwonyesha kwamba hana mali. Kwa hiyo kipindi kile si pambo la kufungulia hadithi. Ni utangulizi wa dhamira yake, na kinathibitisha kuwa mtunzi anapolionyesha somo likifundishwa, hadithi nzima hunufaika.

Samueli, Jairo na mtihani

Sasa tuje kwenye suala linalowakaba wengi. Katika ‘Mtihani wa Maisha’ ya Eunice Kimaliro, Samueli Matandiko anakwenda ofisini kwa mwalimu mkuu kuchukua matokeo. Ameanguka. Aibu mbele ya wazazi waliomgharamia inamsukuma kutaka kujitosa bwawani, lakini anaokolewa. Mwalimu hapa ni mtu wa kutoa karatasi tu. Miaka yote ya kufundishwa imekunjwa ikawa karatasi hiyo moja.

‘Mwalimu Mstaafu’ ya Dumu Kayanda ndiyo kazi inayokwenda mbali zaidi. Mwalimu Mosi anaagwa baada ya utumishi mrefu. Waliofaulu wako tayari kumsifu. Mosi mwenyewe ndiye anayetaka wale wasiofaulu nao wasikike, na Jairo, ambaye masomo hayakumwendea vyema, anapewa nafasi ya kusema. Maneno yake yanazipindua sifa zote. Analalamika kwamba mwalimu alimtia moyo mwaka baada ya mwaka, wala hakumwambia ukweli kuhusu uwezo wake.

Wahakiki wengi wa darasani humwona Jairo kuwa mtu asiye na shukrani, na katika matendo yake ya baadaye lawama hiyo haikosi msingi. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumelikwepa swali analolileta. Jairo anauliza: shule ilinipa nini mimi ambaye mtihani ulinikataa? Mosi alimpa maadili na matumaini. Hakumpa stadi ya kushika. Hilo si kosa la moyo wa Mosi. Ni kosa la mfumo uliompa Mosi somo moja la kupimia watu wote, yaani mtihani.

Swali la Jairo lina wenyewe mjini Athi River. Asubuhi na mapema kwenye malango ya viwanda husimama vijana wakingoja kibarua cha siku. Wengi wamepita shuleni. Wana walimu wanaowakumbuka na pengine kuwapenda. Walichoambiwa na karatasi ya matokeo ni kwamba hawakutosha. Mtaala wa Umilisi uliletwa kwa ahadi ya kumjibu Jairo: kwamba mtoto atapimwa kwa anachoweza kufanya, kwamba kuna Mafunzo ya Awali ya Kiufundi na Sanaa Bunifu, na kwamba katika sekondari pevu atachagua njia kati ya sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo.

Ahadi hiyo haijatimia kwa kuandikwa tu. Watahiniwa wa kwanza wa tathmini ya Gredi ya 9, KJSEA, walifanya mtihani huo mwaka wa 2025, nao walikuwa zaidi ya milioni 1.1. Kila somo hubeba pointi 8 za juu kabisa, na masomo tisa hufanya 72. Katika kumpangia mtoto shule ya sekondari pevu, tathmini hiyo hubeba asilimia 60, ile ya Gredi ya 6 asilimia 20, na tathmini za shuleni asilimia 20. Mzazi aliyezoea kuuliza mtoto alipata alama ngapi kati ya 500 sasa anauliza alipata ngapi kati ya 72. Chujio la Nasaka linaweza kurudi kwa jina jipya iwapo mwalimu atabaki kuwa mtu wa kutoa karatasi. Litazuilika tu pale ambapo somo lenyewe limefundishwa na mtu anayelijua.

Pingamizi

Huenda msomaji akapinga: kazi ya fasihi si andalio la somo. Mtunzi hana wajibu wa kutuonyesha mwalimu akifafanua ngeli au akipima udongo. Pingamizi hili lina mashiko, na hatudai kwamba riwaya igeuzwe kitabu cha kiada. Tunachosema ni kwamba mhusika hueleweka zaidi anapoonekana kazini. Fasihi yetu inatuonyesha wanasiasa wakipanga njama na wafanyakazi wakichuma chai. Kwa nini mwalimu, ambaye kazi yake msomaji kijana anaijua kuliko kazi nyingine yoyote, aonekane karibu kila mahali isipokuwa kazini?

Pengine jibu ni kwamba watunzi wetu wengi ni walimu au wamewahi kuwa walimu, na kilicho karibu na jicho hakionekani. Pengine pia ni kwamba jamii yenyewe imezoea kumpima mwalimu kwa mambo mawili tu, tabia yake na matokeo ya wanafunzi wake. Fasihi imeakisi mazoea hayo pasi na kuyahoji, isipokuwa pale Jairo anaposimama kusema.

Kwa mtahiniwa

Karatasi ya tatu ya Kiswahili katika KCSE ina alama 80, na kila swali linalojibiwa lina alama 20. Ingawa vitabu vingi tulivyovijadili vimeshaondoka katika orodha ya kutahiniwa na nafasi yao kuchukuliwa na Nguu za Jadi, Bembea ya Maisha na Mapambazuko ya Machweo na Hadithi Nyingine, mbinu ni ile ile kwa watahiniwa wote hadi kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4 litakapofanya mtihani mwaka wa 2027.

Mtahiniwa asiandike ‘Ni mlevi’ na kuweka nukta. Hoja kamili ina sehemu tatu: sifa, tukio linaloithibitisha, na athari yake kwa mhusika mwingine au kwa dhamira ya kazi. Mfano wa hoja hafifu ni huu: ‘Mosi ni mwenye utu.’ Mfano wa hoja iliyokamilika ni huu: ‘Mosi ni mwenye utu kwa kuwa anataka hata wasiofaulu wapewe nafasi ya kuzungumza katika sherehe ya kumwaga, utu huu ndio unaompa Jairo nafasi ya kumlaumu hadharani, na hivyo mwandishi anaonyesha kwamba nia njema ya mwalimu pekee haitoshi.’ Mtahini akisoma hoja ya pili anaona kuwa mtahiniwa ameisoma kazi yenyewe, hajakariri mwongozo.

Kwa mwalimu

Kwa mwalimu wa sekondari msingi, tunapendekeza hadithi zenye walimu zitumiwe kuwafikisha wanafunzi kwenye swali hili la somo. Wanafunzi wa Gredi ya 8 wanaweza kuombwa waandike kipindi kimoja ambacho mtunzi hakukiandika: Majisifu akifika darasani Nasaka siku moja akiwa na fahamu zake, au Mosi akimfundisha Jairo kijana kitu atakachoweza kukitumia. Zoezi hili hujumuisha kusoma na kuandika kwa pamoja, na halihitaji kifaa chochote ila daftari. Zaidi ya hayo, humfunza mwalimu mwenyewe. Mtoto anapoandika kipindi cha kubuni, hufichua anavyokiona kipindi halisi.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba walimu wa vitabu teule tulivyovijadili wanajulikana kwa pombe, huruma, jeuri au utu wao, na kwamba ni nadra kuwaona wakifundisha. Tumeonyesha pia kwamba pale somo linapoonekana, kama kwa Mabonga, au matokeo yake yanapohojiwa, kama kwa Jairo, kazi ya fasihi huwa na uzito zaidi. Mwalimu wa Athi River anayebeba masomo manne aliyosomea mawili ni mhusika ambaye bado hajaandikwa. Vitabu vya kusoma kwa kina vya sekondari msingi vinaendelea kutungwa, na watunzi wanayo nafasi ya kumwandika. Hadi hapo, kazi ya mhakiki ni kuuliza, kila anapomkuta mwalimu kitabuni, kipindi kiko wapi na ni nani alikikosa.

Maswali ya mazoezi

1. ‘Mwalimu Majisifu amewadhulumu wanafunzi wake kuliko alivyomdhulumu Amani.’ Jadili kwa kurejelea Kidagaa Kimemwozea.

2. Linganisha nafasi ya mtihani katika maisha ya Samueli na ya Jairo.

3. Tathmini mchango wa mandhari ya darasa katika kukuza dhamira ya ‘Mapenzi ya Kifaurongo’.